Kinundu changu kiliitwa keloidi miaka sita, ukikatwa usikubali kinyama kitupwe

Jamani naandika hili kwa ajili ya yule mwenye kinundu mwilini anachokipapasa usiku halafu anajiambia si kitu, maana mi nilifanya hivyohivyo.

Changu kilianza begani kama punje ya mahindi, kigumu, hakiumi, rangi ya kovu. Kwetu keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, ziko kwenye ukoo, mama anazo kifuani, kwahiyo hakuna aliyeshtuka, nikapaka mafuta, nikachomwa sindano za keloidi, miaka ikaenda. Kumbe kulikuwa na cha kunishtua: keloidi kwa kawaida inaota palipoumia, na mi pale begani sikuwahi kupata hata mchubuko.

Kilipofika ukubwa wa yai nikaenda kituo kimoja karibu na nyumbani, wakapiga ganzi, dakika ishirini kimetoka, nikakiona kwenye kile kisahani cha chuma, cheupe kigumu kama kiazi kilichomenywa. Kikatupwa. Hakuna aliyetaja maabara na mi sikujua kama inatakiwa kuuliza. Haikupita miezi minane vikaota viwili kandokando ya kovu lilelile.

Dada yangu ni nesi, safari hii akanishika mkono mpaka hospitali ya rufaa. Wakakata kipande kidogo tu, wakakitia kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kuhifadhi kinyama kisioze, jina langu kwenye plasta. Majibu yakaja na jina refu kweli, dermatofibrosakoma protuberansi, yaani saratani nadra ya tishu laini za ngozi. Nililia pale pale kwenye benchi.

Daktari akageuza fomu akanichorea. Uvimbe huu unatuma vidole chini ya ngozi, unaweza kuwa unaona ngozi nzima nzuri kabisa kumbe chini yake vidole vimeshapita, ndo maana ukikata kile kinachoonekana tu kinarudi. Ila akaniambia pia jambo lililonipa nguvu, kwamba huu mara nyingi unasumbua palepale ulipo, ambao kwao unasambaa mbali mwilini hawafiki 5 kati ya 100.

Siku ya thieta alichukua rula na kalamu akapima sentimita 3 kuzunguka kovu lote la zamani, nilipoangalia ule mduara nikaona bega zima linaondoka. Nikalazwa kwa nusu kaputi, wakakata mpaka kwenye utando unaofunika msuli. Hawakuziba siku hiyo, walisubiri maabara iseme kingo zote ni safi, ndo wakaja kupandikiza ngozi kutoka pajani. Na mjiandae, paja liliniuma kuliko bega, ile gozi, kitambaa cha kufunikia kidonda, inaganda na kidonda, usiivute, iache ijibandue yenyewe.

Marekani kuna njia nyingine inaitwa Mohs, aliianzisha daktari Frederic Mohs miaka ya 1930, wanakata tabaka moja, wanaliangalia kwenye hadubini, vidole vikiwepo wanaongeza pale pale tu, kwahiyo ngozi nyingi inabaki. Na kwa ambao hawawezi kukatwa kuna vidonge vya imatinibu, kule vilikubaliwa kwa ugonjwa huu 2006. Muulize daktari wako, kuuliza si utovu wa adabu.

Kwahiyo ndugu yangu kabla hujalala kwenye kitanda chochote cha kukatwa uvimbe, hata ule mdogo, sema hivi: naomba kinyama kiende maabara. Kama hela ya kipimo haijapatikana, bora kuahirisha ukaitafute, maana upasuaji wa kwanza ndo wenye nafasi kubwa ya kumaliza kazi. Mi ule wa kwanza niliulipia, halafu nikalipia tena mkubwa zaidi, na ngozi ya paja juu yake.

Majibu dai kopi yako, piga na picha simuni. Kliniki ni kila miezi sita, uvimbe ukirudi mara nyingi unarudi ndani ya miaka mitatu ya mwanzo, mi nimemaliza miwili. Kila mwisho wa mwezi dada ananikalisha kwenye kigoda anapapasa kovu taratibu kwa vidole vitatu, kote laini.