Shinikizo, presha, kanieneo, mgandamizo: lipi liingie kwenye ripoti ya utafiti?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tuko wanne, wanafunzi wa chuo kimoja hapa Mbeya. Tunaandika toleo la Kiswahili la ripoti yetu, litakalosomwa na halmashauri na kamati za maji za vijiji. Ina sura nne: mipango ya mazingira, uhandisi wa maji ya mserereko, fiziolojia ya watu wanaoishi nyanda za juu, na kemia ya maji. Wa fiziolojia kaandika "shinikizo", wa kemia "kanieneo", wa uhandisi "presha" na mara nyingine "msukumo". Mimi wa mazingira nimeandika "mgandamizo wa hewa", kama utabiri wa redioni unavyosema. Msimamizi anataka neno moja. Tushike lipi?

JIBU: Marahaba. Shikeni shinikizo, na mlitumie katika sura zote nne kwa kitu kimoja tu: kani inayoangukia kila kipimo cha eneo, ile inayopimwa kwa paskali. Hayo mengine yana mahali pake, na nitayafikia. Sababu yangu ya kwanza haitoki kwenye kamusi, inatoka kwenye sarufi.

Presha, kanieneo, damu na hewa, yote yamo katika ngeli moja ya I-ZI. Kwa hiyo ukiandika "kanieneo ya hewa ya juu", msomaji hana namna ya kujua hilo "ya juu" ni la nani. Ni kanieneo iliyo juu, au ni hewa ya huko juu Kitulo? Ripoti yenu inalinganisha Kyela, iliyo kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, na jiji la Mbeya lililo kwenye mita 1,700 hivi. Hapo maana hizo mbili zinapingana kabisa, kwa kuwa hewa ya juu ndiyo yenye shinikizo dogo: Kyela ni takriban 95 kPa (kilopaskali, yaani paskali elfu), Mbeya mjini takriban 82, na Kitulo penye mita 2,600 ni 74 hivi. Shinikizo, kwa kuwa liko ngeli ya LI-YA, linajitenga lenyewe. "Shinikizo la hewa ya juu" ni la hewa iliyo huko juu. "Shinikizo la juu la hewa" ni shinikizo lenyewe kuwa kubwa. Herufi moja inamaliza ubishi. Hata hivyo kwa vipimo ningeandika "kubwa" na "dogo", nikaacha "la juu" kwa milima na kwa jina la ugonjwa lililokwisha kuzoeleka.

Mwenzenu wa kemia asione ameonewa. Kanieneo ni neno lililoundwa kwa akili: kani, kisha eneo, kanuni nzima imo ndani ya jina. Kama mngekuwa mnaandika kitabu cha fizikia cha sekondari ningewaambia mlishike hilo. Lakini hapa linaleta tabu mbili. Kwanza waandishi wanalichanganyia ngeli: huyu "kanieneo ya", yule "kanieneo la" kwa kuvutwa na "eneo" la mwishoni. (Sahihi ni "ya", kwa kuwa neno kuu ni kani, ndivyo tunavyosema "halijoto ya maji" ingawa joto peke yake ni "joto la maji".) Pili, hakuna zahanati Tanzania inayopima kanieneo ya damu, na sura yenu ya tatu haiwezi kuanza kutumia neno ambalo muuguzi hajapata kulisikia. Liandikeni mara moja katika sura ya kwanza: "shinikizo, ambalo vitabu vingine huliita kanieneo". Inatosha.

Mgandamizo ndio ninaouogopa zaidi ndani ya ripoti hii, na kosa si la redio. "Mgandamizo mdogo wa hewa" ni istilahi halali ya utabiri, na mkinukuu taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa muiache ilivyo. Tatizo liko sura ya uhandisi, ambako neno hilo tayari lina kazi. Mnajenga matangi ya zege, na zege hupimwa uwezo wa kuhimili mgandamizo: mchemraba wa zege wa milimita 150 kila upande unawekwa kwenye mashine siku ya 28 na kubanwa hadi upasuke. Zege la daraja la 25 linatakiwa kuhimili newtoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Hizo ni megapaskali 25, kipimo kile kile cha shinikizo, ila ni kama mara 300 ya shinikizo la hewa ya Mbeya. Msomaji akikuta "mgandamizo 82 kPa" sura ya kwanza na "mgandamizo 25 MPa" sura ya pili atadhani mmekosea desimali. Kubana kitu ni mgandamizo. Kinachopimwa kwenye hewa, maji na damu ni shinikizo. Udongo chini ya tangi haugandamizwi wala haushinikizwi, unashindiliwa. Neno la mafundi lipo siku zote, litumieni.

Sasa msukumo. Mafundi wa maji ya mserereko kote kuanzia Rungwe hadi Makete husema "hapa msukumo ni mkubwa", na mara nyingi wako sahihi kuliko wanafunzi wanaowasahihisha. Chukueni bomba linaloshuka mita 100 za wima kutoka kwenye chanzo. Koki zikiwa zimefungwa usiku, hakuna hata tone linalotembea, lakini shinikizo huko chini limefika takriban 980 kPa, karibu baa 10 (baa moja ni 100 kPa). Bomba la plastiki lililopigwa chapa PN 10, yaani la kuhimili baa 10, liko mwisho wa uwezo wake. Mteremko ukiwa mita 150 bila tangi la katikati la kuvunja presha, ni baa 14.7, na bomba hilo limezidiwa, linaweza kupasuka. Likipasuka, mara nyingi ni usiku, maana mchana koki zikiwa wazi sehemu ya shinikizo hupotea kwa msuguano wa maji na kuta za bomba. Fundi akikuambia "usiku msukumo ndio mbaya", ameeleza hali hiyo barabara.

Kosa huanza neno hilo linapoingia kwenye jedwali. Nimeona ripoti zinazoandika "msukumo: lita 12 kwa dakika". Hicho ni kiasi cha mtiririko. Mtiririko na shinikizo vinaweza kwenda kinyume: funga koki, mtiririko unakuwa sifuri na shinikizo linapanda, fungua zote, mtiririko unaongezeka na shinikizo linaporomoka. Mwanakamati akisoma kwamba "msukumo umeongezeka" hatajua kama afurahie ndoo kujaa haraka au aite fundi kabla bomba halijapasuka. Kwa hiyo: kPa au baa ni shinikizo, lita kwa dakika ni mtiririko, na msukumo ubaki ndani ya alama za kunukuu, pale mnaporipoti kauli ya mtu.

Sura ya fiziolojia mmeipatia neno, lakini angalieni sentensi ya namna hii: "Wakazi 40 walikutwa na shinikizo la damu." Kila aliye hai ana shinikizo la damu, asiye nalo hawezi kujibu hojaji. Mnachotaka kusema ni "shinikizo la juu la damu", yaani 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vilivyorudiwa. Mtaani kufupisha hakuna ubaya, katika ripoti ni kosa la maana. Vilevile msiandike "shinikizo la damu la 120/80" bila kipimo: ni 120/80 mmHg, kwa maneno milimita za zebaki, sawa na 16 na 10.7 kPa hivi. Acheni mmHg katika sura hiyo kwa sababu ndicho kipimo cha wahudumu wa afya, kisha wekeni kPa mara moja kwenye jedwali ili sura ziweze kuongea.

Presha nayo msiidharau. Ina mahali pake halisi, nako ni kwenye hojaji. Mama wa Tukuyu anaijua presha ya kupanda na presha ya kushuka. Mkimuuliza kuhusu "shinikizo la juu la damu" atajibu ndiyo kwa adabu. Lakini msiulize "Una presha?" tu, kwa kuwa siku hizi hata anayedaiwa ada za watoto ana presha. Ulizeni: "Umewahi kupimwa presha na mhudumu wa afya akakuambia iko juu?" Kisha kwenye uchambuzi mgeuze kuwa istilahi.

Katika kemia na fiziolojia kuna sentensi nyingine ambayo naiona mara kwa mara: "Hewa ya Mbeya ina asilimia ndogo ya oksijeni." Si kweli. Asilimia ni ile ile ya Dar es Salaam, 20.9. Kinachopungua ni shinikizo la oksijeni: pwani ni 21 kPa hivi, Mbeya ni 17 hivi. Ndiyo maana mgeni hupumua kwa nguvu akipanda ngazi, na ndiyo maana mwili hujirekebisha kwa kuongeza seli nyekundu za damu. Andikeni "shinikizo la oksijeni ni dogo zaidi". Mkipenda kusema kwa lugha ya kijijini, "hewa ni nyepesi" inakubalika. "Oksijeni ni pungufu" inakubalika pia. "Asilimia" ndiyo isiyokubalika.

Neno hilo hilo asilimia linawategea tena kwenye maji ya mito. Oksijeni iliyoyeyuka majini hufuata shinikizo la hewa iliyo juu yake. Kwa nyuzi joto 20, maji ya usawa wa bahari yakishiba oksijeni hubeba kama miligramu 9.1 kwa lita; Mbeya mjini hushiba kwa 7.4 hivi. Kijito kikipimwa 7.2 na mtu akatumia jedwali la pwani, ataandika "asilimia 79", na ofisa mipango ataanza kumtafuta mchafuzi. Kwa shinikizo la Mbeya ni asilimia 97, maji mazima. Kwa hiyo msiandike "asilimia 97 ya oksijeni", ambayo haina maana. Andikeni "asilimia 97 ya kiwango cha kushiba kwa shinikizo la 82 kPa". Sentensi ni ndefu, naam. Iacheni iwe ndefu. Na kwa hesabu hiyo hiyo, "maji huchemka kwa nyuzi joto 100" ifutwe popote ilipo: hapo mlipo ni 94 hivi, na wapishi wa maharage wanalijua hilo kwa kuni wanazochoma.

Wewe wa mazingira una kazi moja ya ziada. Sura yako ina "shinikizo la ongezeko la watu kwenye vyanzo vya maji". Kwa mtindo wa magazeti si kosa, lakini katika ripoti ambayo shinikizo lina kipimo cha paskali, linapotosha. Kiswahili kina kuelemea: "ongezeko la watu linavielemea vyanzo vya maji", "Bonde la Usangu limeelemewa na matumizi ya umwagiliaji". Hata bila ripoti hii ningependelea hilo.

Limebaki jambo la vipimo linalowagusa wote wanne. Geji ya bomba husoma sifuri ikiwa mezani, ingawa hewa inaisukuma kwa 82 kPa. Mashine ya kupimia damu ni vivyo hivyo: 120 mmHg ni juu ya shinikizo la hewa, ambalo Mbeya ni kama 620 mmHg. Asiyeambiwa hilo atauliza damu inatokaje kwenye jeraha wakati nje kuna shinikizo kubwa mara tano. Namba za hewa na za oksijeni, kwa upande wake, huhesabiwa kuanzia ombwe, yaani mahali pasipo na hewa kabisa. Basi kwenye vichwa vya safu za majedwali andikeni "shinikizo la geji" kwa mabomba na damu, na "shinikizo kamili" kwa hewa na gesi. Alama za vipimo msizitafsiri wala kuziwekea nukta, na acheni nafasi kati ya namba na alama: 82 kPa, si 82kPa.