Simu ilikuwepo nyumbani, ila haikuwa ya mwanafunzi

Mleta mada anauliza kama wanafunzi waliokosa masomo ya mtandaoni wakati wa korona walikosa vifaa kweli au walikuwa wavivu tu, maana "siku hizi kila nyumba ina simu". Mkuu, nilikuwa nafundisha hisabati darasa la wanafunzi 43 kipindi kile, na nilianza nikiamini hivyohivyo. Ngoja nisimulie yaliyonikuta, halafu utapima mwenyewe.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa ugonjwa umekuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na haukupita muda milango ya shule ikafungwa. Sisi walimu tukapewa fomu ya kujaza kwa kuwapigia wazazi. Swali lilikuwa moja: nyumbani kuna simu janja? Katika wale 43, 36 walijibu ipo. Nikafurahi kweli. Takwimu zikapelekwa juu, ratiba ikashuka: hisabati saa tatu asubuhi, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa video.

Kipindi cha kwanza waliingia 14. Cha pili 11.

Nikasema hawa wamelala. Nikamtumia kila mzazi mwenye simu janja ujumbe wa WhatsApp, mkali kidogo (nikiusoma leo naona aibu), nikiwataka wawaamshe watoto. Kilichonizindua ni tiki. Ujumbe niliutuma saa mbili asubuhi, na kwa wengi ulikaa na tiki moja mchana kutwa. Kuanzia saa moja jioni tiki ya pili ikaanza kutokea, kwa huyu, kwa yule, kwa yule mwingine, hadi saa nne usiku. Ndipo nikaelewa kwamba simu zilikuwa zinarudi kutoka kazini.

Nikapiga upya, safari hii usiku, na swali nikaligeuza. Simu ni ya nani? Inatoka nyumbani saa ngapi, inarudi saa ngapi? Watoto wangapi wanaisubiri? Na bando likiisha nani ananunua jingine? Zile simu 36 zikayeyuka mbele ya macho yangu. Zilizokuwa zinabaki nyumbani saa tatu asubuhi zilikuwa 12. Nyumba moja ilikuwa na simu moja na wanafunzi watatu, na shule zao zote zilikuwa zimepanga vipindi saa ileile. Aliyekuwa na mtihani wa mwisho ndiye aliyepewa, wadogo wakabaki kuchungulia begani kwake. Nyumba nyingine kaka alikuwa anatangulia na dada anamaliza vyombo kwanza. Akifika kwenye simu, chaji imebaki asilimia sita. Sasa katika hao, mvivu ni yupi?

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba tulihesabu simu, na tulichotakiwa kuhesabu ni saa ambazo simu iko mkononi mwa mtoto. Hili halikuwa kosa la shule yetu peke yake. Agosti 2020 UNICEF walitoa makadirio kwamba wanafunzi wasiopungua milioni 463 duniani, karibu thuluthi moja ya wote, hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali kwa njia yoyote, iwe redio, televisheni au intaneti, na watatu kati ya kila wanne wa hao walikuwa wa vijijini au wa kaya maskini zaidi. Lakini UNICEF wenyewe walitahadharisha kuwa hali halisi huenda ni mbaya zaidi, kwa sababu hata mtoto mwenye kifaa nyumbani anaweza kushindwa kusoma kwa kubanwa na kazi za nyumbani, kulazimika kutafuta riziki, au kukosa mtu wa kumsaidia. Yaani hata hesabu hiyo kubwa inafanana na fomu yangu ya kwanza: kifaa kikiwepo, umehesabiwa kuwa umefikiwa.

Tulichobadilisha kwanza ni video. Saa moja ya darasa la video inaweza kumeza gigabaiti nzima ya bando, wakati sauti ya dakika tano iliyorekodiwa haizidi megabaiti moja au mbili. Nikaacha kufundisha moja kwa moja. Nikawa narekodi sauti fupi, napiga picha mbili tatu za hatua za hesabu nilizoandika kwa mkono, natuma jioni, na kazi inarudi wakati wowote kabla ya Jumapili. Wanaoshiriki wakapanda hadi 29. Mafaili makubwa ya vitabu vilivyoskaniwa nayo nikayaacha, kwani simu nyingi zilikuwa zimejaa na mzazi hawezi kufuta picha za msiba wa babu ili kupisha sura ya aljebra. Wale 7 wasio na simu janja kabisa waliandaliwa karatasi za kuchukua getini kila Ijumaa. Redio ilisaidia pia, haidai bando, ila redio haisubiri mtu. Ukipitwa na hatua ya pili, ya tatu inakukuta ukiwa hapohapo.

Kuna jambo halisemwi sana, nalo ni usahihishaji. Mtoto mwenye kompyuta alikuwa ananiletea kazi iliyochapwa, safi kabisa. Mwingine alinitumia picha ya daftari iliyopigwa usiku kwa kamera yenye kioo kilichopasuka, nusu ukurasa kivuli cha mkono wake mwenyewe. Nilijikuta nampa alama kidogo huyu wa pili kwa sababu tu nilichoka kukodoa macho. Niligundua siku nilipopata tena kazi ya mtoto mmoja kwenye karatasi: ile niliyodhani ni 1 ilikuwa 7, na jibu lake lilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Wavivu walikuwepo, sikatai. Nilikuwa na wawili wenye kompyuta zao wenyewe na intaneti ya nyumbani isiyokatika, wanaingia saa tatu kamili, wanazima kamera na kurudi kulala. Hao kwenye rejista wana mahudhurio asilimia mia.

Na kuna msichana mmoja ambaye kwenye rejista hiyohiyo ana "hayupo" mfululizo kwa wiki zote za video. Shule zilipofunguliwa alinikabidhi daftari. Simu ya mama yake ilikuwa inalala nyumbani na kuondoka saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo alikuwa anaamka saa tisa usiku na kunakili kila swali nililotuma, pamoja na michoro ya pembetatu, ili mchana abaki nayo. Vipimo vya pembe alikuwa amevipima upya kwa rula na kipimapembe, maana kwenye kioo kidogo hakuvisoma vizuri. Swali la nne ukurasa wa kumi na mbili alikuwa ameandika pembeni kwa penseli: "Mwalimu, hii pembe umekosea." Nilipima. Nilikuwa nimekosea.