Wasomaji Wanauliza: Majitu ya kaskazini yalitoka wapi?

SWALI: Jambo Mwalimu. Kijana wangu ameniletea hadithi za watu wa kale wa Norwe na Islandi, zimejaa majitu ya barafu na ya moto. Mimi ninayelala chini ya mlima wa moto Nyiragongo nikajiambia: hawa waliona volkano, wakaiita jitu. Je, nimekosea? (Mama wa Majengo, Goma)

JIBU: Jambo Mama. Hata mimi niliwaza hivyo miaka mingi. Tarehe 17 Januari 2002 nilisimama Murara, mtaa wetu hapa Goma, nikitazama moto wa mlima ukiingia uani kwetu. Haukukimbia. Ulikuja polepole, ngozi yake nyeusi ikipasuka kwa sauti ya vyungu vinavyovunjika, na kila ilipopasuka ndani kulikuwa kwekundu. Uliuegemea ukuta wa jikoni kitambo, kisha ukuta ukalala. Baadaye niliposoma habari za Surtr, yule wa moto atakayekuja kutoka kusini siku ya mwisho kuiteketeza dunia, nilimtambua mara moja. Waislandi wenyewe, kisiwa kilipozuka baharini kwa volkano mwaka 1963, walikiita Surtsey, kisiwa cha Surtr.

Lakini mlima peke yake hautoshi, Mama. Watu walianza kuhamia Islandi kutoka Norwe mnamo mwaka 870, na neno lao la jitu, jötunn, ni la zamani kuliko safari hiyo. Waingereza wa kale nao walikuwa nalo, wakisema eoten. Huko Norwe walikotoka hawakuishi chini ya milima inayotema moto. Naona volkano ilimpa Surtr sura, ila ukoo wake ulikuwepo tayari.

Neno lenyewe wataalamu wengi hulihusisha na kula: mlaji. Wengine waliona humo kumbukumbu ya watu waliotangulia katika nchi, kama Wasami, wenyeji wa kaskazini kabisa ya Skandinavia. Hoja hiyo hainishawishi, kwa sababu majitu hayasimuliwi kama wageni. Ni wakwe na wajomba wa miungu! Bestla, mama yake Odin mkuu wa miungu, ni binti wa jitu. Mama yake Thor, mungu wa radi, ni Jörð, maana yake ardhi. Skadi, binti wa jitu, alishuka milimani kudai damu ya baba yake, akaishia kuolewa na Njord, mungu wa bahari. Wengi wao wala si wakubwa kwa umbo. Neno letu "jitu" linatupoteza hapo. Mimi ningewaita wazee wa dunia.

Mkubwa kweli ni wa kwanza, Ymir. Snorri Sturluson, Mwislandi aliyeandika mnamo mwaka 1220, anasimulia kwamba baridi ya Niflheim, nchi ya ukungu, ilikutana na joto la Muspell, nchi ya moto, barafu ikayeyuka, matone yakawa mwili. Odin na ndugu zake wawili wakamuua. Nyama yake ikawa ardhi, damu bahari, mifupa milima, na meno yakawa mawe.

Ua wangu wa leo umezungushiwa mawe meusi niliyoyavunja kwa nyundo pale pale jiko lilipokuwa. Mlete kijana siku moja, tukae juu yake tumsome huyo Ymir pamoja.