Mbegu za maua ya porini: usizivune mbichi

Dada wa Arua, unasema mbegu za marejea ya porini (mimea ya jamii ya kunde, Crotalaria) ulizochuma kando ya barabara zimeota ukungu ndani ya kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Kaveera ina lawama yake, lakini kosa kubwa ni kuzivuna mbichi. Ngoja maganda yakauke yakiwa bado kwenye mmea. Ukiyatikisa yalie kama kayamba. Chuma umande ukishakauka, na nyingi ziache zijimwage zenyewe.

Zianike kivulini juu ya gazeti wiki moja au mbili, si kwenye jua kali. Mimi hutumia chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana, chini naweka mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa. Andika jina, mahali na tarehe (nina chupa tatu nisizozijua hadi leo!). Siku ya kupanda ikikaribia, zikwaruze kidogo kwa msasa, kisha ziloweke usiku kucha.

Tahadhari: aina nyingi za marejea zina mbegu zenye sumu. Ziwe mbali na watoto na kuku. Ndani ya hifadhi za taifa usichume bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda. Mmea usioutambua, peleka tawi lenye ua kwa wataalamu wa bustani ya mimea ya Entebbe.