Jagannath wa Puri ni mwarobaini
Kwa mnaodhani sanamu ya Jagannath, mungu wa Wahindu wa pale Puri, India, ni ya sandali au jiwe: hapana, inachongwa kwa mwarobaini, huuhuu ambao huku tunachemsha majani yake mtu akishikwa na homa. Na mti haukatwi ovyo, makuhani wanautafuta wenye alama za kombe la baharini na gurudumu kwenye shina, wakiupata unapelekwa hekaluni, wanachonga sanamu mpya kwa siri milango imefungwa na sanamu ya zamani inazikwa humohumo. Kubadilisha huku kunafanyika ule mwaka ambao Ashadha, mwezi wa kalenda ya Kihindu, unajirudia mara mbili, ndo maana ilikuwa 1996 halafu 2015. Ila sio zote mwarobaini jamani, ile sanamu ya mungu Varadar kule Kanchipuram, India hiyohiyo, inayotolewa nje watu waione kila baada ya miaka 40 ni mti wa jamii ya mkuyu.