Kesho unaanzishiwa uchungu: leo ule nini?

Ukishaambiwa kliniki kwamba siku fulani uje na begi lako uanzishiwe uchungu, swali la kwanza mtaani huwa "kwani mtoto kakataa kutoka?" La pili ni la chakula, na hapo kila mtu anageuka daktari. Jirani anasema usiguse kitu tangu jioni. Shangazi anasema shiba vizuri, huko wodini utateseka. Mwenzako wa kazini anakuletea pilipili, eti zinaamsha mtoto.

Mimi nilianzishiwa uchungu wa mtoto wangu wa pili hapa Dodoma, baada ya wiki ya 41 kukatika bila dalili yoyote. Jibu langu kwa wanaoniuliza ni fupi: kula. Kula siku ya kuamkia, kula asubuhi kabla hujatoka nyumbani kama hukukatazwa, kula wodini wakati dawa inasubiriwa ifanye kazi. Ila kiwe chakula chepesi, na ujue mapema saa ya kuacha.

Wengi wanaolala njaa wamechanganya mambo mawili. Aliyepangiwa operesheni huambiwa aache chakula muda wa saa sita kabla ya kuingia, na vinywaji visivyo na maziwa, kama maji na chai ya rangi, aviache muda wa saa mbili kabla. Kuanzishiwa uchungu ni jambo jingine. Unapewa kidonge cha misoprostol, au unawekewa mpira mwembamba wenye puto unaofungua mlango wa kizazi taratibu, na baadaye pengine unatundikiwa dripu ya uchungu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi papo kwa papo. Kwa mimba ya kwanza hasa, tangu dozi ya kwanza mpaka umshike mtoto inaweza kupita siku nzima na usiku wake, na wengine huvuka hapo. Sasa mtu aliyefunga tangu jana yake jioni, akaanza kusukuma kesho yake usiku, atasukuma kwa nguvu gani? Mji wa mimba ni msuli, nao hufanya kazi kwa sukari iliyomo mwilini.

Hofu ya chakula ina asili yake, wala si upuuzi. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, Curtis Mendelson, alichapisha hesabu za hospitali moja ya New York. Kati ya uzazi zaidi ya 44,000 wa miaka ya 1932 hadi 1945, wanawake 66 walicheua wakiwa wamelazwa kwa dawa ya usingizi, na vilivyotoka tumboni vikaingia kwenye mapafu. Wawili walikufa, wote kwa kukabwa na chakula kigumu. Kuanzia hapo hospitali nyingi duniani zikawanyima chakula wanawake wote wenye uchungu, awe wa operesheni au si wa operesheni. Siku hizi sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi hufanywa kwa sindano ya mgongo, mama akiwa macho, na Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2018 linapendekeza mwanamke asiye na hatari kubwa aruhusiwe kula na kunywa wakati wa uchungu. Lakini angalia vizuri hiyo hesabu ya Mendelson: waliokufa ni wa chakula kigumu. Ndiyo maana nasisitiza chepesi. Uchungu ulioanzishwa unaweza kuishia kwenye upasuaji wa dharura, na tumbo lako lazima liwe tayari kwa njia zote mbili.

Nyumbani kwangu mpishi wa siku ya kuamkia alikuwa mama mkwe, Mgogo wa Bahi, ambaye hajawahi kusikia jina la Mendelson na hakuhitaji. "Mwanangu, kula mlenda, tumbo lisifunge," aliniambia, akanisongea ugali wa uwele, bonge dogo tu. Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Vidonge vya kuongeza damu tunavyomeza miezi yote hiyo vinafunga choo, na kwenda kusukuma mtoto na choo cha siku nyingi ni adhabu. Mlenda, papai lililoiva na maji ya kutosha vinakusafisha bila purukushani. Niliomba tu mlenda usitiwe karanga nyingi, maana mafuta hukaa tumboni muda mrefu. Jioni nilikula wali kiasi na kuku wa kuchemsha mwenye mchuzi mwepesi, na kabla ya kulala kikombe cha uji.

Nilivyoviacha siku hiyo ni vile ninavyovipenda: chipsi mayai, nyama choma, maandazi, maharage na kabichi. Vya mafuta vinachelewa kushuka, maharage na kabichi vinajaza gesi. Tena misoprostol yenyewe ina tabia ya kuleta kichefuchefu, kuharisha na kutetemeka kwa baridi hata kama joto la Dodoma linakuunguza. Ukitapika uji, unatapika mara moja unapumua. Ukitapika kiepe chenye mafuta ya kukaangia mara kumi, hilo sitaki kulieleza.

Jambo jingine ambalo watu hawalisemi sana ni usafi. Siku mbili za mwisho si za kujaribu kibanda kipya. Kachumbari ya barabarani, juisi iliyochanganywa na maji usiyoyajua, na maziwa mgando ya wafugaji wetu ambayo mara nyingi hayakuchemshwa, viache. Mgando ule mtamu, najua, lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba ugonjwa unaomdhuru mama na mtoto, na kuhara usiku wa kuamkia safari ya leba hakuna anayekutakia.

Asubuhi niliyotakiwa kuripoti saa mbili, nilikula saa kumi na mbili: uji wa ulezi usio mzito sana wenye maziwa yaliyochemshwa, yai moja la kuchemsha na vipande vya mkate bila siagi. Kuhusu yai, najua kuna bibi zetu wanaosema mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa na upara. Wangu alizaliwa na nywele mpaka kwenye masikio. Yai la kuchemsha lina protini, halina mafuta ya kukaangia, na linakaa na wewe hadi mchana.

Begi la hospitali wengi wanalipanga kwa kanga na nguo za mtoto, chakula wanakikumbuka getini. Weka chupa ya chai yenye uji, viazi vitamu vya kuchemsha kwenye hotipoti, ndizi mbivu, mkate, tende na chupa za maji. Mama lishe wa nje ya hospitali ni mkombozi, simbezi, ila chakula chake huingia kwa saa za kuona wagonjwa, na njaa ya saa saba usiku haisubiri kengele. Hiyo njaa ya usiku ndiyo mbaya kuliko zote: kidonge kimeshawekwa, tumbo linakaza kidogo na kuachia, usingizi hauji, na wodi nzima wamelala. Viazi viwili vilinivusha.

Nilipofika nilimuuliza mkunga wa zamu kabla hata sijavua viatu: "Sista, nikisikia njaa nile?" Akasema, "Kula mama, bado sana. Ukianza kukukamata wa kweli, uache vigumu, unywe tu." Swali hilo uliza, usione haya, na ukiweza liulize tangu kliniki siku unayopewa tarehe: nile mpaka saa ngapi? Kila hospitali ina utaratibu wake, na aliyeshika faili lako anajua jambo ambalo mimi silijui. Aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha, mwenye presha ya mimba, au aliyeshaambiwa uwezekano wa operesheni ni mkubwa, huenda akapewa masharti makali zaidi, na ayafuate. Mwenye kisukari asile kwa kufuata ratiba yangu kabisa. Uji wenye sukari, tende na juisi vinaweza kumpandisha, na kama anachoma insulini, dozi ya asubuhi ile lazima ipangwe na daktari.

Uchungu ukishakolea, tumbo lenyewe linapunguza kasi ya kusaga chakula, na ukichomwa sindano ya kutuliza maumivu aina ya pethidine linazidi kuzubaa. Hapo hata hamu ya kula mara nyingi inaisha. Kinachobaki ni kunywa kwa mafunda: maji, chai ya rangi yenye sukari, juisi ya zabibu iliyochujwa vizuri. Sisi watu wa Dodoma zabibu ziko mlangoni, tuzitumie, na nazungumzia juisi, mvinyo utausubiri sana. Juisi ya ubuyu naipenda, ila ni nzito na ina nyuzinyuzi, kwa hiyo ihesabu kama chakula, inywe mapema. Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kopo acha, vinaendesha moyo mbio bure.

Kuhusu maji, usipitilize pia. Ukiwa kwenye dripu ya uchungu, dawa ile ya oxytocin huufanya mwili ushikilie maji, na anayegugumia lita kwa lita za maji matupu anaweza kushusha chumvi ya damu hadi hatari. Kunywa kwa kiu, na kojoa mara kwa mara, kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka.

Tende nimezitaja juu, na najua mnazipenda, wengine kwa sababu ya Maryamu katika Qur'ani, aliyeambiwa ale tende akiwa na uchungu. Kuna utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011: wanawake waliokula tende sita kila siku kwa wiki nne kabla ya tarehe yao walifika hospitali njia imefunguka zaidi kuliko wasiokula. Wiki nne, si usiku mmoja. Kula kilo nzima siku ya kuamkia kutakuletea tumbo tu.

Na sasa lile ninaloomba mlichukue hata mkisahau mengine yote. Usinywe dawa ya kienyeji ya uchungu, mizizi, majani, wala mafuta ya nyonyo, ukiwa umepangiwa kuanzishiwa. Hata kama aliyekupa ni mtu unayempenda. Baadhi ya dawa hizo hukaza mji wa mimba kwelikweli, na kipimo chake hakijulikani. Ukizipandanisha na misoprostol, mikazo inaweza kufuatana bila kupumzika, mtoto akakosa hewa, au mji wa mimba ukachanika. Mafuta ya nyonyo yatakuharisha na kukutapisha mpaka uingie leba umeishiwa maji. Kama umeshakunywa, mwambie mkunga kabla hajakupa kidonge. Atafoka, mwache afoke. Atasubiri, atapima mapigo ya moyo ya mtoto, na ataamua akiwa anajua yaliyomo mwilini mwako.

Ukiambiwa acha kula kabisa, hotipoti mkabidhi ndugu aliyekusindikiza. Naye ale, maana kwenye lile benchi la nje atakaa muda mrefu kuliko anavyofikiri, na ndiye atakayetumwa kukimbilia uji mtoto akishatoka.