Nembo kwenye majina ya mwisho: iunganishe na maandishi kwanza, ndipo uipandishe

Mara ya kwanza nilipoweka nembo ya mfadhili kwenye majina ya mwisho ya filamu, yale ya walioitengeneza yanayopanda kwenye skrini ikiisha, majina nilikuwa nimeyaweka kwenye tabaka moja na nembo kwenye tabaka la juu yake, kila kimoja na mwendo wake. Nilitazama mwanzo, nikatazama mwisho, kila kitu kilikuwa mahali pake. Siku ya kuonyesha ndipo nilipoona kilichokuwa kikitokea njiani. Majina yalipanda kwa kasi ileile tangu mwanzo, lakini nembo ilianza taratibu, ikachelewa. Maandishi yaliyokuwa chini yake yakaifikia, na jina la kijana aliyerekodi sauti likapita lote nyuma ya nembo. Hakuna aliyelisoma. Yule kijana alikuwa amekaa safu ya pili na mama yake.

Sababu ilikuwa ndogo. Programu nyingi za uhariri hukuruhusu kuweka alama mbili za mwendo, ya kuanzia na ya kuishia, halafu zenyewe zinajaza katikati. Ujazaji huo unaweza kuwa wa kasi moja, au wa kuanza polepole, kukaza mwendo na kupunguza tena mwishoni. Majina yangu yalikuwa na ule wa kwanza, nembo ina ule wa pili. Ncha zinalingana, njiani kila mmoja na lwake.

Tangu siku hiyo sipandishi nembo peke yake. Natengeneza picha moja ndefu yenye majina na nembo zote, kisha naipandisha picha hiyo. Unaweza kuichora kwenye programu ya picha kama GIMP, Inkscape au Photoshop. Kwa video ya kawaida ya 1920 kwa 1080, upana ni pikseli (vitone vinavyounda picha) 1920 na urefu ni wowote utakaohitaji. Ihifadhi kama PNG, faili la picha linaloweza kuwa na mandharinyuma yenye uwazi, yaani yasiyo na rangi yoyote, uilete kwenye taimulaini, pale programu ya uhariri inapopanga vipande vya video, uweke alama mbili tu, na uhakikishe mwendo ni wa kasi moja. Hapa kuna mtego unaowakwamisha wengi: programu ikipokea picha ndefu hivyo, mara nyingi huibana itoshee ndani ya skrini, nawe unaona kautepe kembamba katikati. Picha haijaharibika. Tafuta mpangilio wa ukubwa, uirudishe kwenye asilimia 100.

Ukitumia programu ya uhariri ya Kdenlive, kihariri chake cha maandishi kinakubali kuingiza picha ndani na kina sehemu ya kupanga mwendo, kwa hiyo unaweza kumaliza kazi humohumo. Kwenye Premiere Pro, weka nembo ndani ya kipande kilekile cha maandishi kabla ya kuwasha mwendo wa kupanda, vitapanda pamoja. Kwenye DaVinci Resolve, maandishi yale yaliyotengenezwa tayari ya kupanda hupokea maneno tu, hivyo picha ndefu ndiyo njia ninayoipendekeza.

Sasa kasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nembo nzuri huharibikia. Umbali ambao picha inasafiri ni urefu wake ukijumlisha na urefu wa skrini. Tuseme picha ina pikseli 6420. Ongeza 1080, unapata 7500. Ikipanda pikseli 3 kwa kila fremu, yaani kila picha moja kati ya zile zinazounda video, inahitaji fremu 2500, na kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni sekunde 100 kamili. Mtu akikwambia majina yaishe kwa sekunde 90, usivute tu kipande kikafupika. Ukifanya hivyo kasi inakuwa pikseli 3.33 kwa fremu, na kwa kuwa hakuna theluthi ya pikseli, programu inaanza kukadiria. Maandishi yanatetemeka, na mistari myembamba ya nembo inametameta kana kwamba taa inakatika. Badala yake, punguza nafasi tupu kati ya majina mpaka picha ifike pikseli 5670. Sasa umbali ni 6750, fremu ni 2250, na kila fremu inabaki na pikseli zake 3. Kama video yako ni ya 3840 kwa 2160, zidisha pikseli zote kwa mbili, idadi ya fremu inabaki ileile.

Nembo yenyewe iombe kwa mwenyewe. Usiichukue kwenye tovuti yake, kwani ile ya tovuti mara nyingi ni ndogo, na ukiikuza kingo zinakuwa na meno. Omba SVG, au PDF ya vekta (iliyochorwa kwa mistari, si kwa vitone), hizo unazikuza utakavyo bila kupoteza ubora. JPEG haina uwazi, kwa hiyo itakuletea kisanduku cheupe juu ya weusi. Uliza pia kama wana nembo ya rangi nyeupe kwa ajili ya mandharinyuma meusi. Mashirika mengi wanayo, na bluu iliyokoza juu ya nyeusi haionekani kabisa. Usiibadilishe rangi mwenyewe bila ruhusa yao.

Nembo zikiwa kadhaa kwenye mstari mmoja, usizilinganishe kwa upana. Nembo ya duara na nembo ndefu ya maneno zikiwa na upana sawa, ya duara itaimeza mwenzake. Kaa mbali na skrini, kunja macho kidogo, upunguze ile inayokuvuta kwanza. Kabla ya hapo soma mkataba, maana wafadhili wengine wameandika nani atangulie na kwa ukubwa gani.

Mfadhili mkuu mimi simpandishi. Nayaacha majina yapite yote mpaka skrini iwe tupu, halafu nembo yake inajitokeza katikati na kutulia sekunde tatu.

Ukishatoa faili, lifungue kwenye simu na kwenye televisheni, ulitazame kuanzia jina la kwanza mpaka la mwisho bila kurukisha. Mimi huwa na orodha ya majina mkononi, na kila jina likipita naliwekea alama ya kalamu.